Safari ya kwanza ya Vasco da Gama
Safari ya kwanza ya Vasco da Gama (1497–1499) ni safari ya Wareno iliyofungua njia ya bahari kutoka Ulaya hadi India kwa kuzunguka kusini mwa Afrika. Merikebu nne ziliondoka Lisbon Julai 1497. Mombasa waliambulia uhasama. Malindi, Aprili 1498, walipewa rubani aliyewafikisha Calicut, India, mwezi Mei. Dai kwamba rubani huyo alikuwa baharia Mwarabu Ahmad ibn Majid limekataliwa na wanahistoria wengi. Wakati wa kwenda, upepo wa kusi uliwavusha bahari kwa siku zipatazo 23; kurudi hawakungoja upepo wa kaskazi, wakahangaika karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliua mabaharia wengi, hata mwaka 1499 merikebu São Rafael ikachomwa moto kwenye pwani ya Afrika Mashariki kwa kukosa watu wa kuiendesha.