Maswali 10 ya pombe: safari ndefu hadi vyuo vya Mwanza

Kipimo kinachotumika leo kwenye kompyuta na simu za wanafunzi wa vyuo duniani, ili kila mmoja ajue pombe imemfikisha wapi, kina damu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1982 Shirika la Afya Duniani lilianza kutafuta njia rahisi ya kumtambua mtu ambaye pombe inamdhuru kabla hajafika pabaya. Wagonjwa karibu 2,000 wa vituo vya afya walihojiwa katika nchi sita: Australia, Bulgaria, Marekani, Meksiko, Norwei na Kenya. Majibu yao ndiyo yaliyozaa kipimo cha AUDIT, chenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Anayefikisha alama 8 anahesabiwa kuwa hatarini.

Baada ya kipimo ikaja dawa yake, nayo ilikuwa mazungumzo. Shirika hilo lilijaribu katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Zimbabwe, kama ushauri wa dakika chache ungemfanya mnywaji apunguze. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1996 yalionyesha kuwa wanaume waliopewa ushauri walipunguza kweli.

Vyuo vikuu vikaichukua hoja hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Alan Marlatt na wenzake waliacha kuwahubiria wanafunzi. Walimketisha kijana, wakamwonyesha kiasi anachokunywa yeye na kiasi wanachokunywa wenzake kwa hakika. Wengi walishangaa, kwani mwanafunzi mlevi hudhani kila mtu chuoni anakunywa kama yeye. Shida ilikuwa watu: mshauri mmoja hawezi kuketi na wanafunzi maelfu.

Hapo ndipo intaneti ilipoingia. Huko New Zealand, Kypros Kypri wa Chuo Kikuu cha Otago alichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi walijibu maswali kwenye kompyuta na kupewa majibu yao papo hapo, pasipo mtu wa kuwakodolea macho. Mwaka 2009 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Curtin, Australia. Wanafunzi 7,237 walijibu, na 2,435 kati yao walikutwa wanakunywa kiasi cha hatari. Waliopata majibu yao mtandaoni walikunywa kidogo kuliko wenzao wasioyapata, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya miezi sita.

Lakini historia hii ina funzo lake. Mwaka 2014 Kypri na wenzake walirudia jaribio katika vyuo vikuu saba vya New Zealand, na mara hii faida ilikuwa finyu: wanafunzi walipunguza kidogo kiasi wanachokunywa kwa mara moja, ila siku za kunywa na madhara yake havikubadilika. Programu inasaidia. Peke yake haitoshi.

Na sisi je? Mwaka 2015 Joel Francis na wenzake, wakiwemo watafiti wa kitengo cha MITU cha hapa Mwanza, walichapisha utafiti wa vijana 1,954 wa miaka 15 hadi 24 kutoka Mwanza na Kilimanjaro. Walikuwa wanafunzi wa sekondari, wanachuo, vibarua na waajiriwa. Wanachuo ndio waliotia fora: asilimia 45 ya wanaume na 26 ya wanawake walikuwa wanakunywa. Kilimanjaro iliizidi Mwanza. Kijana mwenye fedha zaidi mfukoni alielekea zaidi kunywa, na matangazo ya pombe yalikuwa kila mahali.

Takwimu hizo ni hazina. Zinasema pia kwamba zaidi ya nusu ya wanachuo hao hawakuwa wanywaji, na hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi wa SAUT kule Malimbe au wa CUHAS pale Bugando anapaswa kulisoma kwenye simu yake, kwa Kiswahili, kabla bumu, yaani fedha ya mkopo, halijaingia. Mfano wa kuanzia upo nchini. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, mpango wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako uliwapa majeruhi mazungumzo mafupi na muuguzi, na watafiti wakajaribu kuyaendeleza kwa ujumbe wa simu.

Serikali nayo ilionyesha upande wa pili, yaani kuibana pombe yenyewe, ilipopiga marufuku viroba Machi 1, 2017, kwa kutambua kuwa pombe ya bei ya chee inayoingia mfukoni humfikia kijana kirahisi mno.

Basi vyuo vya wilaya ya Nyamagana, hapa Mwanza, viunganishe mambo hayo. Maswali 10 yawe sehemu ya wiki ya usajili, majibu yawe siri ya mwanafunzi, na anayefikisha alama 8 aelekezwe kwa mshauri aliye tayari kumpokea. Halmashauri nayo isimamie saa za baa zinazozunguka vyuo. Wakenya waliohojiwa miaka ya 1980 walisaidia kukijenga kipimo hiki. Watoto wa ukanda huu wana haki ya kufaidi matunda yake.