Glia si tezi

Tezi tunazijua: ya shingo, ya mate, tezi dume. Kazi ya tezi ni kutoa kitu, kama mate au homoni. Ndiyo maana "seli za tezi za ubongo", kwa maana ya seli za glia, ni tafsiri inayopotosha. Glia ni Kigiriki, maana yake gundi. Rudolf Virchow aliziita hivyo miaka ya 1850 akiamini zinashikanisha seli za neva tu.

Hata gundi haitoshi. Glia zenye umbo la nyota, astrosaiti, ndizo zinazotunza sehemu kubwa ya glaikojeni ya ubongo, yaani sukari iliyofungwa. Nyurotransmita, yaani kemikali za ujumbe, kama noradrenalini zikizigusa, glaikojeni hiyo huvunjwa na kuwa lakteti, chakula cha seli za neva zilizo jirani. Neno letu hapa ni akiba. Wavuvi wa Bagamoyo wanalielewa: maji ya kunywa ndani ya ngalawa hayaguswi ovyo. Methali husema akiba haiozi. Hii haiozi, ila ni ndogo mno ukiilinganisha na ya ini.

Na akiba si neno la maabara tu. Huko huko Bagamoyo, wauguzi wanajua kwamba malaria kali hushusha sukari ya damu; akiba ndogo ya ubongo haitoshi, na mtoto anaweza kupoteza fahamu.

Wahariri, andikeni glia. Tezi iacheni shingoni.