Shellshock

Shellshock ni dosari ya kiusalama iliyotangazwa tarehe 24 Septemba 2014 katika Bash, programu ya kupokea na kutekeleza amri iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux, Unix na Mac. Namba yake rasmi ni CVE-2014-6271. Waliodhurika zaidi ni wenye seva za wavuti zinazoendesha skripti za CGI (programu ambazo seva huziita kumjibu mgeni), kwani mgeni yeyote wa tovuti aliweza kuiamrisha seva bila nenosiri. Ni miongoni mwa dosari nzito kabisa kuwahi kugunduliwa katika mazingira ya seva.

Historia

Bash iliandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU na kutolewa mwaka 1989. Mwaka huohuo iliongezewa uwezo wa kurithisha funksheni kutoka mchakato mmoja hadi mwingine kupitia vigeu vya mazingira, na dosari ikaingia hapo. Wakati huo wavuti haikuwa imeanza kutumika, hivyo thamani za vigeu zilitoka kwa mwenye kompyuta mwenyewe. Dosari ilikaa miaka 25 hadi ilipogunduliwa Septemba 2014 na Stéphane Chazelas, aliyemwarifu kwanza Chet Ramey, mtunzaji wa Bash, ili kiraka kiandaliwe kabla ya tangazo.

Mashambulizi yalianza saa chache tu baada ya tangazo hilo. Seva zilizonaswa ziliingizwa katika makundi ya kompyuta zinazotumiwa kuzidisha maombi na kuangusha tovuti nyingine.

Jinsi inavyofanya kazi

Katika utaratibu wa CGI, uliobuniwa katika kituo cha NCSA nchini Marekani mwaka 1993, seva huchukua vichwa vya ombi la mgeni, kama vile jina la kivinjari chake, na kuviweka katika vigeu vya mazingira kabla ya kuita skripti. Bash inapoanza kazi husoma vigeu vyote. Ilipokuta thamani inayoanza kwa alama () { iliihesabu kuwa funksheni. Ilipasa kukomea pale funksheni inapofungwa, lakini iliendelea mbele na kutekeleza amri yoyote iliyofuata. Mshambulizi alihitaji tu kuandika amri yake mahali pa jina la kivinjari.

Skripti yenyewe haikulazimika kuandikwa kwa Bash. Skripti ya Perl au Python iliyoita programu nyingine kupitia /bin/sh ilikuwa hatarini pale ambapo /bin/sh ni Bash, kama ilivyo katika mifumo ya Red Hat na CentOS. Debian na Ubuntu hutumia dash mahali hapo, na kwa sababu hiyo skripti zao nyingi zilinusurika.

Viraka

Kiraka cha kwanza hakikutosha. Tavis Ormandy wa Google alionyesha njia ya kukipita, ikapewa namba CVE-2014-7169, na Michal Zalewski akapata dosari nyingine mbili. Suluhisho la kudumu lilitokana na kazi ya Florian Weimer wa Red Hat: funksheni zinazorithishwa zikapewa majina ya pekee, hivyo Bash haitafuti tena funksheni ndani ya kila kigeu.

Kupima hatari

Shellshock ilipewa alama 10.0 katika CVSS, kipimo cha uzito wa dosari, toleo la 2, kiwango cha juu kabisa. Heartbleed, dosari ya OpenSSL iliyotangazwa Aprili 2014, ilipata 5.0, ingawa ilivujisha funguo za siri na kuwalazimisha wenye seva wengi kubadilisha vyeti vyao. Alama ya CVSS hupima uzito wa dosari yenyewe. Haisemi seva fulani iko hatarini kiasi gani, na msimamizi anayeisoma peke yake hupotoka.

Tathmini sahihi ya dosari ya skripti hujibu maswali haya:

- Je, skripti inafikiwa kutoka intaneti, au ni ya mtandao wa ndani tu?
- Je, data ya mgeni inafika kweli kwenye Bash?
- Skripti inaendeshwa kwa akaunti gani? Yenye mamlaka finyu hupunguza madhara. Ya root huikabidhi seva nzima.
- Je, njia ya kushambulia imeshatangazwa hadharani?

Kwa Shellshock, swali la mwisho lilikuwa na jibu moja tu: ndiyo, na ombi moja fupi lilitosha. Baadaye FIRST, shirika linalosimamia CVSS, lilianza kusimamia pia EPSS, kipimo kinachokadiria uwezekano wa dosari kutumiwa ndani ya siku 30.

Dosari za jamii hii

Mwaka 1996 skripti ya mfano iitwayo phf, iliyosambazwa pamoja na seva za NCSA na Apache, iliruhusu amri kupenya kwa sababu haikuchuja alama ya mstari mpya. Mwaka 2012 ilitangazwa dosari ya PHP-CGI, CVE-2012-1823.

Hali ya sasa

Mwaka 2022 taasisi ya CISA ya Marekani iliiingiza Shellshock katika orodha yake ya dosari zinazojulikana kutumiwa na washambulizi. Seva zinazosasishwa ziko salama. Hatari imebaki katika vifaa vya zamani vyenye kurasa za CGI ambavyo watengenezaji wameacha kuvitolea viraka. Vifaa hivyo vinastahili kuondolewa kwenye intaneti.