Ngozi ya Paja Juu ya Shavu

  Sogeeni karibu na redio. Mwenye daftari alifunue, na aliyesahau miwani yake akae karibu na mwenye macho mazuri. Leo somo letu la historia halihusu wafalme. Vita vitaingia, lakini habari yenyewe ni ya ngozi.

Katika vijiji vya Shinyanga, na katika machimbo ya dhahabu kule Geita na Nyarugusu, twawajua watu wenye alama za moto. Huyu alianguka juu ya mafiga akiwa mtoto. Yule alimwagikiwa na uji. Mwingine alijaza mafuta ya taa katika koroboi iliyokuwa ikiwaka. Mwingine ana kifafa, na kifafa kilimkamata akiwa jikoni peke yake. Huko machimboni, mtu humimina petroli katika jenereta usiku, na mwenzake amesimama kando na sigara.

Tuseme mmoja wao ni mama wa Kahama. Amelala hospitalini majuma mengi, ameponea chupuchupu, na sasa jeraha limefunga. Analima, anapika, anakwenda gulioni. Lakini shavu na shingo vina kovu nene, na watoto wa jirani humkimbia. Anawaza kurudi kwa daktari apasuliwe. Safari hii si kwa kuogopa kufa. Ni kwa hiari yake, kwa ajili ya sura. Mama mkwe anamwambia, “Mwanangu, umeshapona. Mshukuru Mungu, hayo mengine ni maringo.” Je, mama mkwe amesema kweli? Kabla ya kumjibu, tutazame kazi hii ya kurekebisha sura ilianzaje.

Ilianza Bara Hindi, zamani sana. Kitabu cha kale cha tabibu Sushruta chaeleza jinsi ya kutengeneza pua kwa ngozi ya shavu. Kwa nini pua? Kwa sababu kumkata mtu pua ilikuwa adhabu ya kumwaibisha. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapa habari za Mhindi aitwaye Cowasjee, mwendesha magari ya ng'ombe katika jeshi la Waingereza. Wasukuma mnaosikiliza mtamwelewa upesi, maana kazi hiyo mnaijua. Askari wa Sultani Tipu walimkamata, wakamkata pua na mkono mmoja. Alikaa zaidi ya mwaka mmoja bila pua. Kisha fundi mmoja karibu na mji wa Poona akachuna ngozi ya paji la uso wake, akaigeuza chini bila kuikata kabisa, akaishona mahali pa pua. Ngozi ikashika. Fundi yule hakuwa daktari wa chuo. Alikuwa mtu wa ukoo wa wafinyanzi, na kazi hiyo alirithi.

Cowasjee alikuwa akipumua, akila, na kwenda na ng'ombe wake. Hakuwa mahututi. Alikwenda kwa fundi kwa sababu aliona haya mbele ya watu, naye fundi hakumcheka.

Sasa tuvuke miaka mingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza mizinga ilivunja nyuso za askari wengi mno. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alipewa hospitali huko Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Katika hospitali ile zilifanywa operesheni zaidi ya 11,000. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa baharia aitwaye Vicarage, aliyeungua usoni na mikononi katika vita vya manowari vya Jutland, mwaka 1916. Alipona, lakini makovu yakavuta kope zake hata asiweze kufumba macho vizuri.

Gillies alichukua ngozi ya kifua. Shida ilikuwa hii: ukiikata ngozi nene kabisa na kuihamisha, yaweza kufa kwa kukosa damu. Ukiiacha imeshikamana upande mmoja, damu hupita, lakini upande wa chini unabaki wazi na vijidudu huingia. Wakati ule penisilini haikuwapo. Alipokuwa akifanya kazi aliona kingo za ngozi zinajikunja zenyewe. Basi akaikunja kama mtu anavyokunja mkeka, akazishona kingo pamoja, ikawa bomba la ngozi lenye damu ndani. Ncha moja ilibaki kifuani, nyingine akaishona usoni. Baada ya majuma kadhaa, uso ulipoanza kuilisha ngozi ile damu yake, ncha ya kifuani ikakatwa. Ndivyo mkulima afanyavyo kwa mche: hakati shina la zamani mpaka mizizi mipya imeshika.

Msidhani operesheni moja ilitosha. Wengi walirudi kitandani mara nyingi, kwa miaka.

Katika vita vya pili alitokea Archibald McIndoe, binamu wa Gillies, naye wa New Zealand. Alitibu marubani walioungua ndani ya ndege. Aligundua kwamba walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu, akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi. Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama chao, na vita ilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. McIndoe hakuwaficha. Aliongea na watu wa mji wa East Grinstead, akawaomba wawakaribishe vijana wale vilabuni na nyumbani bila kuwakodolea macho. Watu wa mji wakakubali. Mimi nadhani kazi hiyo ilikuwa nusu ya dawa, maana uso waweza kushonwa hospitalini, lakini mgonjwa atakwenda kuishi sokoni.

Sasa habari inafika kwetu. McIndoe alipenda Afrika ya Mashariki, akawa na shamba Kilimanjaro. Mwanafunzi wake, Michael Wood, alikuwa daktari wa kupasua Nairobi, na rafiki yao Tom Rees alitoka New York. Wote watatu walikuwa mafundi wa kurekebisha ngozi na sura. Mwaka 1956, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, walizungumza juu ya wagonjwa wa mbali waliokaa na mikono iliyokunjamana kwa moto, kwa sababu tu fundi alikuwa mjini na barabara hakuna. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege. Wood mwenyewe alijifunza urubani. Baadaye hospitali za mbali ziliunganishwa kwa redio za kupigiana simu. Huduma ile ndiyo iliyokua ikawa AMREF. Wengi wanalijua jina hilo kwa chanjo na mafunzo ya wauguzi, wala hawajui kwamba waasisi wake walikuwa washonaji wa nyuso.

Kuna habari nyingine inayomgusa mama yetu wa Kahama. Ni ya ukoma. Huko Vellore, Bara Hindi, Daktari Paul Brand alianza katika miaka ya 1940 kupasua mikono iliyopinda kwa ukoma, akihamisha kano ili vidole vifunguke. Mikono ikafanya kazi. Lakini baadhi ya wagonjwa walirudi kwake. Ugonjwa umekwisha, mkono unashika jembe, na bado hakuna aliyewapa kazi, kwa kuwa uso usio na nyusi na pua iliyobonyea viliwatangaza. Basi Brand na wenzake wakawa wanapandikiza nyusi kwa ngozi ya kichwa yenye nywele, na kuinua pua. Waweza kuita hayo urembo. Kwa mgonjwa yalikuwa mkate wake. Sisi wa Shinyanga twaweza kuelewa, maana hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1913, nayo ilitunza watu wa ukoma.

Turudi basi kwa mama. Siku hizi hahitaji kungoja ndege. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya rufaa kwa mikoa ya Ziwa, pamoja na Shinyanga na Geita. Lakini kuna mambo aulize kabla ya kulipa nauli.

Kwanza ni wakati. Kovu la moto hubadilika kwa mwaka mmoja au zaidi: huwa gumu, huwasha, kisha polepole hulainika. Kwa hiyo kazi ya sura tu, daktari mara nyingi husema ngoja. Lakini kope isiyofumba haingoji, maana jicho litakauka na kuharibika. Shingo au kiwiko kinachovutwa na kovu nacho kionwe mapema. Kwa hiyo mama asiseme tu, “Nataka uso mzuri.” Aeleze kama shingo inageuka, na kama mdomo unafunguka wote.

Pili ni aina ya kovu. Liko kovu linaloota na kupita mpaka wa jeraha, nalo huitwa keloidi. Sisi watu weusi tunalipata kuliko wengine, hasa masikioni, kifuani, mabegani na tayani. Kovu hili likikatwa tu, mara nyingi hurudi, na laweza kurudi kubwa kuliko la kwanza. Daktari huweza kuchagua sindano za ndani ya kovu, au kuchanganya kukata na tiba nyingine. Aliyewahi kuota kovu baya baada ya kutoboa sikio, aseme.

Tatu ni damu. Ugonjwa wa selimundu ni mwingi katika mikoa ya Ziwa. Mwenye selimundu huweza kupasuliwa, lakini nusu kaputi kwake yataka maandalizi. Mtu aliyeponea moto mara moja hana sababu ya kuingia chumba cha operesheni bila kupimwa.

Tena ajue kwamba ngozi ya paja ikipandikizwa shavuni haiwi shavu. Rangi yake yaweza kuwa nyeusi zaidi, nayo husinyaa kidogo. Paja lililotoa ngozi nalo hubaki na alama, na katika siku za kwanza huuma kuliko shavu lenyewe. Huenda mama akisikia haya akasema hataki. Huenda akasema anataka hata hivyo. Mama mkwe amsindikize hospitalini, asikie maneno ya daktari kwa masikio yake.

Mwalimu, sasa waweza kuzima redio. Andika ubaoni maneno matatu: KOVU, NGOZI, HIARI. Kila mwanafunzi aandike sentensi moja kwa kila neno. Mwenye kovu darasani asilazimishwe kulisimulia. Akitaka mwenyewe, apewe nafasi ya kwanza.