Vitabu Vinne Trankani

Tranka la baba ni la bati, kijani kilichobanduka hapa na pale, na jina lake lingali linasomeka kwenye mfuniko kwa rangi nyeupe, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa bweni wa zama zake. Mwaka jana, tulipokuwa tunamhamishia chumba cha uani, nililifungua kutafuta hati ya kiwanja. Hati sikuiona. Niliona blanketi la kijivu, soksi moja, na vitabu vinne vilivyofungwa kwa magazeti yaliyogeuka rangi ya chai.

"Hivyo ndivyo vilivyonipa Kiingereza," baba akasema. "Kidato cha kwanza hadi cha nne, 1966 mpaka 1969."

"Vinne tu, baba?"

"Vinne, chaki ya mwalimu, na kibao."

Kibao kilikuwa kipande cha ubao chenye tundu na kamba. Aliyekutwa anasema Kiswahili alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Jioni wote waliokipokea siku hiyo walipanga mstari mbele ya kiranja mkuu, na fimbo ikapita. Baba alisimulia huku akicheka, cheko la mtu anayegusa kovu lisilouma tena.

Nilivipeleka vitabu vile kwenye mwanga wa dirisha. Pembezoni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo mno, mengine yamefutwa yakabaki kama alama ya kucha. Sikuyajali wakati ule. Nilichotaka kujua ni kimoja: vitu hivi vilitoka wapi hata vikafika kwenye dawati la mtoto wa Kisukuma? Nikaamua kuifuata njia ya kila kimoja, kinyumenyume.

Cha kwanza ni kijitabu chembamba cha hadithi iliyofupishwa, cha mfululizo wa New Method wa Longmans. Nilidhani njia yake ingenifikisha London tu. Ikanipeleka Bengal. Michael West, Mwingereza, alikwenda India mwaka 1912 na akafanya kazi ya elimu Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Huko aliona watoto wengi wakiacha shule kabla ya kumaliza, wakirudi kwao na Kiingereza nusunusu kisichowasaidia kusoma hata barua. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kuhusu watoto wanaosoma kwa lugha mbili, na hoja yake aliiazima kwenye bima. Mwenye kuikatisha bima kabla ya wakati hurudishiwa kiasi fulani. Basi na mtoto anayekatisha shule aondoke na kitu mkononi. Kitu hicho, kwa West, kilikuwa kusoma. Akaziandika upya hadithi kwa maneno machache, neno jipya likiingia moja moja na kurudiwa mpaka lizoeleke. Kamusi aliyoitunga na James Endicott mwaka 1935 ilieleza maana za maneno yake yote kwa kutumia maneno 1,490 tu. Orodha yake ya mwaka 1953, yenye maneno yapata 2,000, iliongoza waandishi wa vitabu vya kiada kwa miongo mingi.

"Hicho kilikuwa kitamu," baba alisema. "Ungekianza ukakimaliza. Kumaliza kitabu cha Kiingereza, mwanangu, ilikuwa kama kuvuka mto."

Cha pili ni kamusi nene, jalada limeng'oka: Advanced Learner's Dictionary. Hii nayo haikuanzia Uingereza. Mwaka 1922 Harold Palmer aliitwa Tokyo kuishauri serikali ya Japani juu ya kufundisha Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa ufundishaji huo. A. S. Hornby aliwasili Japani mwaka 1924 kama mwalimu, kisha akajiunga na kazi ya Palmer. Waliona kwamba kamusi za Waingereza zilimweleza msomaji maana ya neno lakini hazikumwonyesha namna ya kulitumia. Mjapani angejua maana ya kitenzi lakini asijue kifuatwe na nini. Hornby na wenzake wakaandaa kamusi iliyopanga vitenzi kwa miundo ya sentensi, na kila muundo ukapewa mifano. Japani ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza mwishoni mwa 1941, Hornby aliwekwa kizuizini, kisha akarudishwa kwao. Kamusi ilitoka Tokyo mwaka 1942. Mwaka 1948 Oxford waliitoa upya, na kutoka hapo ikaingia kwenye meli za vitabu zilizokuja kwetu.

Cha tatu kila aliyesoma Afrika Mashariki anakijua hata kwa jalada: First Aid in English, cha Angus Maciver, kilichotolewa Glasgow mwaka 1938. Maciver alikuwa mwalimu Scotland, na alimwandikia mtoto wa shule ya msingi wa huko, mtoto aliyekwisha kukinyonya Kiingereza kifuani mwa mama. Ndiyo maana kitabu chake hakifundishi lugha, kinaipanga. Jike na dume, mmoja na wengi, kundi la simba lina jina lake na la samaki lake, na misemo ya kulinganisha ambamo kitu cheupe ni cheupe kama theluji. Baba alivikariri vyote. Theluji aliyoijua ni ile ya Kilimanjaro, nayo alikuwa ameiona kwenye noti na stempu tu.

Nilipofika hapo nikaona jambo. West alimwangalia mtoto wa Bengal, Hornby akamwangalia mwanafunzi wa Japani, Maciver akamwangalia mtoto wa Scotland. Kila mmoja alianza na mwanafunzi aliyekaa mbele yake, na kwa huyo kifaa kikakaa sawasawa. Kwetu vilikuja kama nguo za mitumba: nzuri, imara, zilizokatwa kwa mwili wa mwingine. Kilichokuja kwa kutufikiria sisi ni kibao peke yake, nami nikataka kujua kilipata wapi heshima yake.

Nilipanda basi Mwanza, nikavuka mpaka wa Mutukula, nikashuka Kampala na kupanda kilima cha Makerere kwa miguu. Jengo kuu la chuo kikuu, lililoungua Septemba 2020 na kujengwa upya, linaangalia mji. Nilikaa chini ya mti nikafikiria mikutano miwili iliyofanyika kwenye kilima hiki.

Wa kwanza ulikuwa Januari 1961. Wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Tanganyika ingepata uhuru Desemba mwaka huohuo, Uganda mwaka uliofuata, Kenya 1963. Shule zilikuwa zinapanuliwa na walimu ni haba. Miaka 31 baadaye, mwaka 1992, mwanaisimu Robert Phillipson alichambua fikra zilizotawala mkutano ule na kuzipanga tano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, mwalimu bora ni mwenye lugha, kikianza mapema ni bora, kikiongezwa saa ni bora, na lugha nyingine zikitumiwa sana, Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano potofu.

Mkutano haukukibuni kibao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, ameeleza jinsi walivyovikwa vipande vya chuma shuleni Kenya miaka ya 1950 kwa kosa la kusema Kigikuyu. Lakini fikra ya kwanza na ya tano, zikitoka kwenye vinywa vya wataalamu na juu ya kilima cha chuo kikuu, zilikivika joho. Mwalimu aliyekuwa akimchapa mtoto kwa desturi, sasa angeweza kusema anafuata taaluma.

Mkutano wa pili ulifanyika Juni 1962, miezi 17 baada ya ule wa kwanza. Walikuja waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ, mwanafunzi wa Makerere wakati huo, alimwonyesha Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child. Mwaka huohuo Heinemann walianzisha mfululizo wa waandishi wa Afrika, wakaanza na Things Fall Apart, na mwaka 1964 riwaya ya Ngũgĩ ikatoka. Hapo ndipo mtoto wa Kiafrika alipoanza kukutana na nguo iliyokatwa kwa mwili wake. Leo ukifungua mkoba wa mwanafunzi wa Tanzania utakuta Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, au Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, na hakuna theluji ndani yake.

Hata hivyo mlango wa mkutano ule ulikuwa na kizingiti: Kiingereza. Shaaban Robert hakuwa na nafasi kwenye orodha, maana aliandika Kiswahili. Alifariki mwezi uleule, Juni 1962.

Nilirudi nyumbani nikakishika kitabu cha nne. Ndicho pekee cha Kiswahili: Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius Nyerere. Aliitoa kwanza mwaka 1963, akiwa kwenye pilikapilika za kuongoza nchi changa, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Watu wengi huitaja tafsiri hiyo kama ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba Shakespeare. Baba alikuwa na matumizi mengine.

"Darasani tulikuwa tunasoma ya Kiingereza," aliniambia. "Mwalimu alikuwa anasoma, sisi tunanyamaza. Usiku wa kwanza niliposoma ya Mwalimu Nyerere kwa taa ya chemli, ndipo nilipojua kwamba Bruto alikuwa na huzuni. Kesho yake nikaisoma ile ya Kiingereza, na Kiingereza kikafunguka."

"Na mwalimu wako alijua?"

"Weee! Nilikificha chini ya godoro."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo juu ya zana ya kufundishia. Kitabu kilichofungua Kiingereza kilikuwa kile kilichopigwa marufuku na kibao.

Historia iliyofuata ilikuwa ya kung'ang'ania. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi, na watoto wakafika kidato cha kwanza na miaka saba ya kuelezwa mambo kwa lugha wanayoielewa. Siku ya kwanza ya sekondari waliambiwa waiache mlangoni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawakukijua kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Serikali ilibaki na Kiingereza. Mwaka huohuo Nyerere alikiita Kiingereza "Kiswahili cha dunia". Kilichofuata ni mradi uliogharimiwa na Uingereza wa kuleta vitabu vya kusoma mashuleni. Kwa ugonjwa wa lugha, dawa iliyotolewa ilikuwa lugha ileile, dozi kubwa zaidi.

Leo Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inayotunga vitabu vya kiada, na mpwa wangu anavisoma kwenye simu. Kibao hakipo shuleni kwake. Lipo bango getini linalowaamuru waseme Kiingereza. Mwalimu wake, nilipomkuta darasani, alisoma aya kwa Kiingereza, akafunga mlango, akaieleza kwa Kiswahili. Aliufunga mlango kwanza.

Mlango ule ulinipeleka Unguja. Nilikuwa nimefuata njia ya vitabu mpaka Bengal, Tokyo na Glasgow, lakini nilijua ipo njia ya kale zaidi, ya mtu aliyekuja kwetu kujifunza. Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, pamesimama kanisa kuu la Anglikana. Nyuma ya madhabahu yake amezikwa Askofu Edward Steere. Alifika Unguja mwaka 1864 bila neno la Kiswahili. Akaketi na Wazanzibari, akawasikiliza, akaandika hadithi walizomsimulia, na mwaka 1870 akatoa Swahili Tales pamoja na mwongozo wa kujifunza Kiswahili. Mwongozo huo umeandikwa kwa Kiingereza. Ngeli zimeelezwa kwa Kiingereza, maneno yametafsiriwa kwa Kiingereza, na kila ugumu umepewa mfano anaoujua Mwingereza. Wenzake wa misheni waliendeleza kazi hiyo; A. C. Madan alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903.

Hakuna Mzanzibari aliyemvika Steere kibao. Hakuna aliyemwambia kwamba akiendelea kutumia Kiingereza, Kiswahili chake kitashuka. Alikuja na lugha yake kama mtu anavyokuja na macho yake, akaitumia kuitazama nyingine, na akafika mbali.

Niliporudi nililifungua tranka tena, nikaichukua kamusi ya Hornby na kuisogeza dirishani. Safari hii niliyasoma maandishi ya penseli. Yalikuwa Kiswahili. Ukurasa kwa ukurasa, kwenye kila neno lililomsumbua, baba alikuwa ameandika maana yake: huzuni, usaliti, tamaa, dhamiri. Nilimwuliza kwa nini mengi yamefutwa.

"Jumamosi palikuwa na ukaguzi," akasema. "Nilifuta Ijumaa usiku. Jumapili naandika upya."

Alichofanya askofu kwa wino na kukipeleka mtamboni, baba alikifanya kwa penseli, akikifuta kila wiki kwa miaka minne.