Nani Hupanga Bei ya Umeme Tanzania?

Mwishoni mwa Desemba mwaka 2016, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ya Tanzania, ambayo kila mtu huiita EWURA, ilitangaza kwamba bei ya umeme ingepanda kwa wastani wa asilimia 8.5 kuanzia siku ya Mwaka Mpya. TANESCO, shirika la umeme la taifa, lilikuwa limeomba asilimia 18. EWURA ilikuwa imefanya taftishi, yaani uchunguzi wa wazi ambamo wananchi nao husikilizwa, kisha ikalikata ombi hilo zaidi ya nusu. Tarehe 31 Desemba, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alilisitisha ongezeko. Tarehe 1 Januari 2017, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Mhandisi Felchesmi Mramba. Bei mpya haikutumika.

Lishike neno hilo, kutengua. Sisi Kenya husema fulani amefutwa kazi. Majirani zetu husema uteuzi wake umetenguliwa, kwa kitenzi kile kile ambacho watu wa pwani hukitumia kwa udhu. Kinachotenguliwa huwa kama hakijafanywa.

Sasa tazama, msomaji, ni nani aliyeondolewa. Hakuwa afisa wa EWURA aliyekubali bei ipande. Alikuwa mkuu wa shirika lililoomba. Kwa maoni yangu, jambo hili ndilo zito zaidi katika kisa chote, na ili ulielewe hatuna budi kurudi nyuma.

Umeme una safari ya hatua tatu: huzalishwa, husafirishwa kwa nyaya za msongo mkubwa, kisha husambazwa majumbani. TANESCO lilizifanya zote tatu. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipoyapunguza maji ya mabwawa, nchi ikaingia gizani kwa zamu, na sera ya nishati ya mwaka 1992 ikafungua mlango kwa wazalishaji binafsi. Mkataba uliovuma kuliko yote ulitiwa saini mwaka 1995 na IPTL, kampuni ya mitambo ya mafuta ya megawati 100 huko Tegeta. Mabishano juu ya gharama zake yalifika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mitambo haikuanza kuuza umeme hadi mwaka 2002. Baadaye, mwaka 2004, gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam, na Songas ikaanza kuitumia kuzalisha umeme Ubungo. Wazalishaji hao wote walikuwa na mnunuzi mmoja tu, TANESCO, ambalo lilikuwa na mitambo yake lenyewe. Fikiria barabara inayomilikiwa na kampuni moja ya mabasi, nawe una basi lako unalotaka lipite humo.

Katika miaka hiyo TANESCO lenyewe liliwekwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa. Mwaka 2002 kampuni ya Afrika Kusini, NETGroup Solutions, ilikabidhiwa uongozi wake, ikaingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamegoma kuipokea. Mkataba huo uliisha mwaka 2006 na ubinafsishaji ukaachwa. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuligawa shirika hatua kwa hatua hadi mwaka 2025, uzalishaji ukitangulia kutengwa. Halikugawanywa.

Kwa hiyo EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, ilizaliwa kabla ya soko ililokusudiwa kulisimamia. Kwenye karatasi imejengwa vizuri. Haingoji fedha za Hazina pekee. Hukusanya tozo kutoka kwa wale inaowadhibiti. Asiyeridhika na uamuzi wake ana mahali pa kukata rufaa, nalo ni Baraza la Ushindani. Njia ilikuwepo, basi, kwa yeyote aliyeona asilimia 8.5 ni nyingi mno. Lakini mwenyekiti wa bodi yake huteuliwa na Rais, na Rais huyo huyo huteua mkuu wa TANESCO.

Tusimwonee Magufuli. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi inayotaka viwanda haiwezi kupandisha bei ya umeme, na yeye ndiye aliyepigiwa kura, si EWURA. Hoja hiyo ina uzito. Shida ni kwamba gharama haikutenguliwa pamoja na uteuzi. Mafuta ya mitambo yalibaki na bei yake, gesi ikabaki na bei yake, na madeni ya shirika yakaendelea kuwepo. Mwaka 2022 serikali iligeuza deni la TANESCO la takriban shilingi trilioni 2.4 kuwa mtaji. Wananchi walilipa hata hivyo, ila si kwenye ankara ya umeme ambako wangeiona tarakimu na kuuliza maswali.

Tena, mdhibiti hawezi kuamua ombi lisilofika mezani kwake. Mkuu wa shirika aliyeona yaliyompata mwenzake angeandika ombi jingine kwa mkono upi? Hapo uhuru wa EWURA ulipunguzwa bila kuguswa kifungu hata kimoja cha sheria yake. Mgao wa umeme uliporudi, Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alimhamisha mkuu wa TANESCO na kumpa mrithi wake miezi sita amalize tatizo. Maagizo yalitoka Ikulu tena.

Nasi huku Kenya tusicheke upesi. Ni kweli kwamba sisi tuligawa mapema: KenGen ilitengwa na kampuni ya usambazaji mwaka 1997, mwaka ambao pia sheria ilileta mdhibiti wa stima, na KETRACO ikaundwa mwaka 2008 kujenga nyaya kubwa. Hata hivyo, siku ya Jamhuri mwaka 2021 ni Rais Uhuru Kenyatta aliyetangaza kwamba bei ya stima ingeshuka kwa asilimia 30 katika awamu mbili za asilimia 15. Mdhibiti wetu, EPRA, alichapisha awamu ya kwanza mnamo Januari 2022. Awamu ya pili haikuja, na mwezi wa Aprili 2023 EPRA hiyo hiyo ikapandisha bei.