Saikolojia ya Ujumbe wa "Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii"

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni mbinu ya utapeli inayofahamika kote Tanzania. Kwa mkazi wa kata ya Nguvumali, Jijini Tanga, kama kwingineko, nguvu yake haitokani na utaalamu wa kompyuta, bali na tabia ya fikra za binadamu.

Neno "ile" huashiria mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Tapeli hajui siri ya mtu. Hutuma ujumbe kwa wengi, akitarajia kumpata anayedaiwa kodi ya nyumba, ada au fedha za mzigo. Mdaiwa huyo humhusisha mwenyewe mtumaji na anayemdai, na haraka humzuia kuhakiki.

Kinga ya kwanza ni kutulia: kumpigia mhusika kwa namba yake ya siku zote na kusoma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa TCRA kupitia namba 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kimtandao. Aliyetapeliwa asinyamaze kwa aibu; ukimya wake humwachia tapeli nafasi ya kumnasa mwingine.